Bega Lililokaza na Deni la Wanakiswahili

Tiba isiyo na jina linaloeleweka humnyima mgonjwa uamuzi. Hilo ndilo dai la makala haya, na ushahidi wake tunautafuta mahali ambapo wanalugha hawaendi mara nyingi: begani.

Yapo maradhi ambayo mfuko unaozunguka kiungo cha bega huvimba, ukawa mnene, kisha ukasinyaa. Kwanza huja maumivu, hasa usiku, hufuata ugumu, hatimaye bega hulegea polepole. Mzunguko huo aghalabu huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Katika Kitui na Makueni, ambako mchanga wa matuta ya fanya juu hurushwa upande wa juu wa mteremko kwa sepetu, mkono usioinuka si jambo dogo. Ni shamba lisilolimwa na mtungi usiojazwa.

Mwaka 1934, daktari Codman wa Marekani aliyaita maradhi haya bega lililoganda. Wajapani huyaita bega la miaka hamsini. Sisi tumetafsiri la Mmarekani neno kwa neno, tukasema "bega kuganda". Waama, kilichoganda husubiri joto kiyeyuke; mgonjwa naye huukunja mkono akangoja. Laiti tungesema "bega kukaza", angeelewa kuwa kilichokaza hulegezwa taratibu, kwa mazoezi ya kila siku.

Kosa hukua tunapofikia tiba mpya inayoitwa "tiba ya shoti". Anayelisikia jina hilo hudhani atapigwa umeme. Mwoga hukimbia, mwenye kukata tamaa huuza mbuzi akiamini kuwa shoti kali ndiyo dawa kali. Wote wawili wamepotoshwa na neno. Kinachoingia begani si umeme bali ni mawimbi ya kani yanayofanana na ya sauti. Mawimbi ya aina hiyo yalitumiwa Ujerumani mwaka 1980 kuvunja vijiwe vya figo bila upasuaji. Ya begani hutolewa kwa nguvu ndogo zaidi. Tunapendekeza yaitwe "mawimbi ya mshindo".

Je, yanafaa? Majaribio kadhaa, mengi yakiwa madogo, yameonyesha kuwa hupunguza maumivu na kuongeza mwendo wa bega. Hata hivyo, hayajathibitishwa kuwa bora kuliko mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, pamoja na sindano ya kutuliza uvimbe inapohitajika. Mgonjwa anayeshauriwa kusafiri hadi Nairobi kuyatafuta ana haki ya kuyasikia hayo kabla ya kutoa nauli. Ana haki pia ya kuambiwa apimwe sukari.

Huenda msomaji akasema kuwa istilahi ni kazi ya daktari, na kwamba Kiingereza kinatosha. Hakitoshi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Mwenyeji wa Mutomo au Kibwezi huzungumza Kikamba nyumbani. Akikutana na mhudumu aliyetoka kwingine, daraja lao ni Kiswahili. Daraja hilo likiwa bovu, hata tabibu hodari huzama.

Basi vyama vya Kiswahili vyuoni visiishie kwenye makongamano na mashairi. Viketi na wauguzi na wataalamu wa viungo katika hospitali za Kitui na Wote, viandike ukurasa mmoja tu: maradhi ni nini, mazoezi hufanywaje, mawimbi ya mshindo hufanya nini na hayafanyi nini. Kisha ukurasa huo usomewe wagonjwa wenyewe, na neno wasiloelewa lifutwe. Subira huvuta heri, lakini mgonjwa hawezi kusubiri asichoelezwa.