Chipu ikitikiswa kama mizani, hasara ni ya nani?

Mkulima yeyote aliyewahi kupeleka pamba au korosho kwenye chama cha msingi anaijua hila hii. Karani ni mwaminifu, daftari limefungiwa kabatini na hesabu zinajumlishwa sawasawa, lakini mtu anaigusa mizani kwa kidole sekunde ile ile karani anaposoma. Kinachoandikwa ni uongo, na kila hesabu inayofuata inakuwa sahihi juu ya uongo huo.

Chipu za kielektroniki nazo hufanyiwa mchezo huo huo. Wataalamu wanauita kupandikiza hitilafu. Mshambuliaji haibi nywila wala hahangaiki kuvunja hesabu ngumu zinazolinda siri. Anaitikisa chipu yenyewe ikiwa kazini, ili ikosee mahali anapotaka ikosee.

Suala hili linaihusu kurasa ya kilimo kwa sababu chipu zimekwisha kuingia shambani. Kuna chipu ndani ya laini ya simu inayopokea malipo ya mazao, ndani ya mita ya LUKU inayoendesha mashine ya kusaga, na ndani ya kasha la pampu ya sola inayolipiwa kidogo kidogo, ambayo hujizima malipo yakichelewa. Katika vifaa hivi vyote, pesa inalindwa na ufunguo wa siri uliohifadhiwa kwenye kipande kidogo kuliko ukucha.

Hila yenyewe ni rahisi kuieleza. Chipu hutengenezwa ifanye kazi kwa umeme wa kiwango maalumu, tuseme volti 3.3. Umeme huo ukishushwa ghafla kwa muda mfupi kuliko hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, chipu haizimiki, ila inaweza kuruka hatua moja ya kazi yake. Ikiwa hatua iliyorukwa ndiyo ile inayosema "namba ya siri si sahihi, kataa", mlango umefunguka. Wengine hufanya hivyo kwa kuvuruga mapigo ya saa ya chipu, wengine kwa sumaku-umeme, wengine kwa mwanga wa leza.

Udhaifu huu si wa jana. Mwaka 1979 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walionyesha kuwa mionzi hafifu iliyotoka kwenye kauri ya kufungia chipu ilitosha kubadili taarifa zilizohifadhiwa ndani. Hiyo ilikuwa ajali ya kiwandani. Mwaka 1996 Dan Boneh, Richard DeMillo na Richard Lipton walionyesha upande wa hatari: kadi ikifanyiwa hitilafu inapotia saini ya siri kwa njia ya RSA, jibu moja lililokosewa linaweza kutosha kuufichua ufunguo wote. Kisha mwaka 2002, huko Cambridge, Sergei Skorobogatov na Ross Anderson walibadili taarifa ndani ya chipu kwa kutumia taa ya kamera ya mtumba waliyoinunua kwa dola 30.

Kwa mchumi, bei hiyo ya dola 30 ndiyo habari kubwa kuliko zote. Wizi wowote una gharama zake, na gharama hizo zinashuka. Mwaka 2022 mtafiti Lennert Wouters wa Ubelgiji aliidukua antena ya Starlink kwa kibao cha kielektroniki cha dola 25 hivi alichokitengeneza mwenyewe. Alihitaji kuifungua antena aliyokuwa nayo mkononi, na hilo tulikumbuke, kwani kupandikiza hitilafu si wizi wa kufanywa na mtu aliye mbali. Lakini pampu ya mkopo inalala kwa mteja kila siku, na muda wa kuifungua anao.

Kinga zipo. Chipu huwekewa vihisi vya kutambua umeme, mwanga au joto visivyo vya kawaida, ijizime kabla haijakosea. Huwekewa wavu wa nyaya juu yake, na wavu ukikatwa siri inafutwa. Programu nayo huandikwa ili ifanye hesabu mara mbili na kulinganisha, kama makarani wawili wanaopima gunia moja kila mmoja kwa zamu yake. Muda wa kufanya hatua muhimu hubadilishwa kwa bahati nasibu, mwenye kidole asijue mizani inasomwa lini. Tena jibu la "ndiyo" halihifadhiwi kama tarakimu moja inayoweza kugeuzwa kwa kishindo kimoja, bali kama namba ndefu isiyofanana na ile ya "hapana".

Kila kinga ina bei. Kufanya hesabu mara mbili kunakula muda na umeme, na vihisi vinataka nafasi kwenye chipu. Ndiyo maana kadi ya benki hulindwa sana huku kidhibiti cha bei nafuu kikiachwa karibu uchi.

Hata kinga ya kulipiwa haimalizi kazi. Agosti 2024 kampuni ya Raspberry Pi ilitoa chipu ya RP2350 yenye vihisi vya kutambua umeme uliovurugwa, kisha ikatangaza zawadi kwa atakayeisoma siri iliyofichwa ndani. Zawadi ilianza dola 10,000, ikapandishwa hadi 20,000. Januari 2025 kampuni ikatangaza kuwa washindi ni wanne, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alivuruga umeme wa mguu mmoja tu wa chipu, mwingine alitumia leza. Wapo watakaowacheka Raspberry Pi. Kwa maoni yangu walinunua ukaguzi kwa bei nafuu sana, na matokeo wakayaweka hadharani. Baadaye mwaka 2025 walitoa toleo jipya lenye marekebisho. Ni wauzaji wangapi wa vifaa vya shambani wanaoweza kusema walimlipa mtu ajaribu kuvunja kifaa chao?

Kwa kuwa hakuna chipu isiyovunjika, swali la kiuchumi ni mwizi anapata nini baada ya kuvunja moja. Tuchukulie, kwa mfano tu, kuwa vifaa na utaalamu vinamgharimu shilingi milioni 5. Kama pampu 10,000 zinatumia ufunguo mmoja, gharama ya kila pampu ni shilingi 500, na hiyo ni biashara nzuri. Kama kila pampu ina ufunguo wake, ametumia milioni 5 kupata pampu moja, na kwa ya pili inabidi afungue kasha jingine aanze upya.

Mita za LUKU zinatupa mfano mzuri. Mfumo wa kimataifa unaotumika huipa kila mita ufunguo wake, na ufunguo mkuu unabaki kwenye kifaa maalumu upande wa mwuzaji wa umeme. Wateja waliona jambo hili bila kulijua mwaka 2024, walipotakiwa kuingiza namba za ziada kabla ya tokeni, kwa sababu hesabu ya dakika ndani ya mita, iliyoanzia mwaka 1993, ilikuwa inafikia kikomo tarehe 24 Novemba. Namba za jirani hazikufaa kwenye mita yako.

Kwenye pampu za mkopo, dhamana ya mkopeshaji ni uwezo wa kuizima pampu. Dhamana hiyo ikilegea, mkopeshaji atapandisha malipo ya awali, na atakayelipa zaidi ni mkulima mwaminifu ambaye hajawahi kushika bisibisi. Kwa hiyo vyama vya ushirika, halmashauri na wafadhili wanaoagiza vifaa kwa zabuni ya bei ya chini waongeze maswali matatu kwenye nyaraka zao: je, kila kifaa kina ufunguo wake? Nani, nje ya kiwanda, amejaribu kukipandikizia hitilafu? Na kikivunjwa, hasara inabebwa na nani kwa mujibu wa mkataba? Yaulizwe kabla ya kusaini. Ufunguo wa pekee huwekwa kiwandani mara moja, lakini ufunguo wa pamoja ukivuja, huenda fundi akalazimika kuifuata kila pampu kati ya hizo 10,000, kutoka Kyela hadi Karagwe.