Ukivuta Maji Chooni, Yanaenda Wapi?

Haya wadau, nimerudi. Nilipotea kwa sababu ya TP, na wenzangu wa ualimu mnajua TP ilivyo: usiku mzima unaandaa andalio la somo, asubuhi mtoto wa fomu wani anakuuliza swali moja tu na andalio lote linaanguka.

Nilikuwa nafundisha mzunguko wa maji. Mvua, mto, bahari, mvuke, mawingu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na maji ya chooni yanaingilia wapi hapo?" Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, kumbe naficha aibu. Jibu sikuwa nalo.

Nimelitafuta. Hapa Dar, sehemu ndogo tu ya wakazi ndiyo imeunganishwa na mabomba ya majitaka. Wengi wetu tunategemea shimo, na likijaa tunaita gari la kunyonya. Gari hilo linapaswa kumwaga kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti. Yakitoka hapo, maji yanaingia mto Msimbazi, yanapita Kigogo na Jangwani, yanakutana na bahari Salenda.

Mabwawa yenyewe si kitu kibaya, tena mimi nayapenda. Hayahitaji umeme. Bwawa la kwanza ni la kina, uchafu mzito unatuama chini na bakteria wanaula. La pili ni pana, mwani unatoa oksijeni na bakteria wanaendelea na kazi. Ya mwisho ni ya kina kifupi, jua linaua vimelea. Kwa nchi yenye jua kama yetu, ni teknolojia ya bei rahisi na inayofaa.

Tatizo linaanza tukishajenga. Tope la chini lisipoondolewa kila baada ya miaka michache, bwawa linapungua, maji yanapita haraka, vimelea vinatoka vikiwa hai. Huko mtoni uchafu unakula oksijeni na samaki wanakufa. Nitrojeni na fosforasi zinalisha mwani na magugu. Halafu kuna kemikali za viwandani: risasi na kromi haziuawi na jua, na mabwawa haya hayakujengwa kwa ajili yake.

Sasa mtasema, mto si wangu, mimi niko zangu hosteli. Mchicha je? Bonde la Msimbazi limelimwa mboga miaka mingi, na maji ya kumwagilia yanachotwa humo humo. Asubuhi unavuta maji chooni, jioni unanunua fungu. Umejiletea mwenyewe mezani, jamani!

Msimamo wangu ni huu. Tunapenda sana kukata utepe, lakini hakuna anayekata utepe wa kuondoa tope. Mimi naona hela ya kusafisha mabwawa ingetengwa kila mwaka kama mishahara inavyotengwa. Na vipimo vya maji yanayotoka vibandikwe hadharani, serikali ya mtaa, kila mwezi. Kiwango kipo kisheria: mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia yasizidi miligramu 30 kwa lita. Mkulima wa mchicha ana haki ya kujua anamwagilia nini. Kumfukuza bondeni bila kusafisha maji ni kumwonea. Majitaka hakuyaleta yeye.

Na sisi wasomi tusijitoe. Hosteli niliyokaa mwaka wa kwanza, chemba ilikuwa inaziba kila wiki mbili. Fundi akizibua anatoa vitambaa, pedi, mifuko ya rambo, hata karatasi za desa! Kisha tunalalamika harufu.

Yule binti alistahili jibu siku ile ile. Nikipangiwa shule, wowote mtakaoniona nikichora mzunguko wa maji ubaoni, mtaona mshale mmoja zaidi, unatoka chooni kwenda mtoni. Watoto wacheke, kisha waandike.

Nawasilisha. Tuonane baada ya UE, kama hatujadisko.