Elimu ni Amana

Naikumbuka jumuiya ya wanafunzi hodari wa shule yetu hapa Rusinga, tuliokuwa tukikusanyika jioni kuwasomesha hisabati wenzetu waliotatizwa, na ambao walimu, kila siku ya kutunukiwa zawadi, walituusia kuwa elimu ni amana, wakimtaja marehemu Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, aliyezikwa kisiwani humu mwaka 1969, ambaye, ijapokuwa ufukara ulimkatizia masomo yake ya sekondari, alijitahidi hata mwaka 1959 wanafunzi 81 wakasafirishwa kwenda kusoma Marekani. Basi, enyi wazazi na walimu, watunukieni vijana wenye bidii, lakini muwawajibishe pia kuwainua wenzao walio nyuma.