Jina la Chuo na Mikono ya Mwanao



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alitujia akilia. Bintiye hakuchaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipangiwa chuo kingine cha serikali ambacho bado ni kichanga. "Nani atamwajiri?" alituuliza.

Hatukumdanganya. Jina lina uzito wake. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na kitivo cha sheria, na waliosoma pale wamejaa maofisini. Kijana wa pale huwakuta kaka na dada zake wametangulia.

Lakini jina humfikisha mtu mlangoni tu. Mwombaji wa kazi serikalini huitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira. Muuguzi naye, atoke chuo chochote, hafanyi kazi bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nasi wodini tumewapokea wahitimu wa vyuo vyenye sifa wasiojua kumgeuza mgonjwa kitandani, na wa vyuo visivyovuma ambao wagonjwa huwaulizia wasipoonekana zamu.

Basi mama, kabla ya kulia, uliza: Je, kozi hiyo inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Wanafunzi hufanyia wapi mafunzo kwa vitendo? Ukiridhika, mfungie binti mizigo yake kwa furaha. Akiondoka nyumbani akijiona ameshindwa, hata chuo kikubwa kisingemsaidia. Chanda chema huvikwa pete.