Pikipiki Kuukuu Itunzwe Nyumbani

MWAKA 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilikuwa imekwisha kuitoa sokoni pikipiki ya CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba wateja wengi wa nchi zinazoendelea hawabadilishi oili kwa wakati, wala hawaishughulikii injini mpaka izime. Hivyo wakabuni injini ambayo vali zake husukumwa kwa vijiti vya chuma, badala ya kutegemea mnyororo wa ndani, ili istahimili matunzo haba.

Injini za mfano huo zimo katika pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea Tanzania tangu miaka ya 2000. Ni mashine ngumu. Lakini hapana budi tuseme wazi kwamba ugumu huo umegeuzwa kuwa kisingizio cha uzembe. Injini huweza kuvumilia oili chafu kwa muda. Breki iliyolika haivumilii. Mgonjwa anayepakiwa usiku kupelekwa zahanati hajui kama tairi lina kipara au mnyororo umelegea. Amemwamini mwendeshaji, naye hana haki ya kuisaliti imani hiyo.

Wako wanaosema kwamba fedha za gereji hazipatikani. Hoja hiyo ina ukweli, ila haitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya matunzo haihitaji gereji. Spana chache, bisibisi, kitambaa safi na chombo cha kukingia oili vyatosha. Oili imwagwe injini ikiwa ingali na joto, ili uchafu utoke pamoja nayo. Inayotiwa badala yake ni kiasi cha lita moja tu. Mnyororo usafishwe, upakwe oili, kisha uachiwe mchezo wa kiasi cha sentimita 2. Ukikazwa mno, huharibu beringi na kula meno ya sproketi. Plagi nayo ina habari zake: ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, petroli imezidi hewa, na mara nyingi kisa ni kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi. Nafasi ya vali, ambayo kwa CG125 ni milimita 0.08, ipimwe injini ikiwa baridi.

Hata hivyo, kujitegemea si kubahatisha. Breki isiyokamata hata baada ya kurekebishwa, au usukani unaoyumba, ni kazi ya fundi aliyehitimu, na chombo hicho kisipakie mtu mpaka kipone. Aidha, oili iliyotumika isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima, kwani maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Wajibu huu si wa wenye pikipiki peke yao. Wauzaji wanapaswa kumpa kila mnunuzi kitabu cha maelekezo kwa Kiswahili, kwani maelekezo yasiyosomeka ni sawa na kutotolewa. Vyuo vya VETA navyo vinaweza kusaidia kwa mafunzo mafupi ya jioni, yatakayowafaa vijana wanaoshinda barabarani mchana kutwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye pikipiki kuukuu, ufa huo huzibwa kwa saa moja ya kila juma uani kwake. Asiyeitenga saa hiyo asishangae siku chombo kitakapomlaza yeye na abiria wake hospitalini.