Mura, Umeitwa?

Juzi alikuja kwetu mama mmoja wa hapa Machochwe akilalamika kichwa. Tulimpima presha, ikawa juu. Kumbe halali. Mwanawe mwenye shahada ya kompyuta ameomba kazi ya Afisa TEHAMA Daraja la II kupitia Sekretarieti ya Ajira, na huu ni mwezi wa tatu. Kila jioni kijana hupanda kichuguu nyuma ya zizi kutafuta mtandao. Akishuka, baba yake humwuliza, "Mura, umeitwa?"

Sisi tulizoea kungoja bahasha ya posta. Siku hizi maombi hutumwa kwenye tovuti ya Ajira Portal, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye mtandao. Asiyeitwa anaruhusiwa kuomba tena nafasi nyingine zikitangazwa. Aliyefaulu usaili lakini nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata, na huenda akapangiwa kazi baadaye.

Tulimwuliza mama kuhusu vyeti. Siku ya usaili hutakiwa vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi. Majina nayo yafanane. Huku kwetu mtoto ana jina la ubatizo, la babu na la nyumbani, na kila mwalimu aliandika alilolisikia! Yakitofautiana, hati ya kisheria ya jina itafutwe sasa, si usiku wa kuamkia safari. Tena nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe.

Hapo mama akainama. Alikuwa ametafuta mnunuzi wa mtamba wake, si kwa nauli, bali kwa mtu aliyepiga simu akidai shilingi 200,000 "za kusukuma jina." Tulimsihi asitume hata senti. Kazi za serikali haziuzwi, na huyo ni tapeli. Tukashukuru Mungu kwamba mtamba bado yumo zizini.

Baba naye tulimfuata nyumbani. Tulimwomba aache lile swali la kila jioni.

"Basi nimwulize nini?" akasema.

Tulimwambia amwulize kama tembo waliingia shambani usiku, maana kijana huyo ndiye anayelinda mahindi yao.

Presha ya mama tutaipima tena Jumatatu.