Vumbi la Kokoto na Wajibu wa Mnunuzi



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo sisi wa Bonde la Usangu tumelizoea hata hatulioni tena, yaani vumbi. Kiangazi kinapoingia, Ubaruku huishi ndani yake. Malori ya mpunga hulitimua barabarani, mashine za kukoboa hulitoa pamoja na pumba, na upepo hulifikisha hadi vyumbani. Tunalipangusa, tunakohoa kidogo, na maisha yanaendelea. Kwa sababu hiyo, tukiambiwa kwamba wavunja mawe wanadhurika kwa vumbi, wengi wetu huuliza: Ni nani hapa asiyekula vumbi?

Swali hilo linastahili jibu, kwa kuwa vumbi si la aina moja. Mawe mengi magumu yanayofaa kwa kokoto yana madini yaitwayo silika. Jiwe linapopigwa nyundo, au linapopondwa katika kresha, silika hiyo huvunjika kuwa chembe. Zile kubwa, zinazoonekana, nyingi hunaswa puani na kooni, kisha hutoka kwa kutema na kupenga. Zile za hatari zaidi ni zile zisizoonekana, ambazo upana wake haufikii sehemu 10 kati ya 1,000 za milimita moja. Hizo hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu na kukaa humo. Mwili hujaribu kuzizingira kwa makovu, na palipo na kovu hapapitishi hewa tena.

Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kujitokeza, hauna tiba ya kuuondoa, na humfanya mtu awe rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka silika ya namna hiyo, inayovutwa kazini, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kijana anayeponda mawe leo na kujiona mzima hana ushahidi wowote kwamba yu salama. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nyanda za Juu Kusini hazina sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Wazee wa Rungwe wanaikumbuka Wenela, iliyowachukua vijana kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka ajira hiyo ilipokomeshwa baada ya uhuru wa 1961. Katika migodi ile vumbi la silika liliharibu vifua vya watu wengi. Ilikuwa Julai 2019 ndipo Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha makubaliano ya fidia kwa wachimbaji wenye silikosisi, nayo yalihusu waliofanya kazi kuanzia Machi 1965. Waliorudi nyumbani kabla ya hapo hawamo. Fidia ikifika, humkuta mjane. Na mara nyingine haimkuti mtu.

Hapa nchini pia dalili zimekwisha kuonekana. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vya vumbi walivyovichukua kwa wachimbaji wadogo wa Mirerani, mkoani Manyara, waliokuwa wakitoboa mwamba na kuulipua. Silika waliyoikuta hewani ilipita mara nyingi kiwango kinachokubalika kazini.

Je, kinga yake ni ghali? La hasha. Kinga ya kwanza ni maji. Jiwe lililoloa likipondwa, sehemu kubwa ya vumbi lake hubaki chini. Penye kresha, maji yanyunyizwe kwa ukungu mwembamba mdomoni mwa mashine na mahali ambapo kokoto hudondoka kutoka kwenye mkanda. Chekecheke na mikanda vifunikwe. Mashine ya kutoboa mwamba ipitishiwe maji. Njia za malori zimwagiwe maji kwa boza, mwendo upunguzwe, na mzigo ufunikwe turubai. Kwa mvunja mawe wa nyundo, pipa moja la maji na kopo la kumwagia huleta tofauti kubwa, pamoja na kukaa upande ambao upepo unatoka na kuwaweka watoto mbali. Barakoa ni kinga ya mwisho, na kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii zile chembe ndogo tulizozitaja.

Wapo watakaosema kwamba maji yenyewe ni haba, na kwamba katika wilaya ya Mbarali tumegombania maji ya mashamba kwa miaka mingi. Ni kweli. Lakini unyunyizaji wa ukungu hautumii maji ya kumwagilia jaruba, na maji yaliyotumika yanaweza kukusanywa bwawani, yakatuama na kutumika tena.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na kuhakikisha wanapimwa afya, na tangu 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unawahudumia wanaougua kwa sababu ya kazi. Penye kampuni yenye leseni, mkaguzi anajua mlango wa kubisha. Lakini mama anayeketi kando ya barabara na nyundo yake na rundo lake la kokoto hana mwajiri. Hakuna anayechangia Mfuko kwa ajili yake, wala anayempeleka kupigwa picha ya kifua. Mbele ya sheria hizo yeye ni kama hayupo.

Hata hivyo, mama huyo ana mnunuzi. Hapo ndipo tafakari yetu inapotufikisha. Kwetu bondeni kokoto huja kwa lori, nasi hununua kwa ajili ya makanisa na misikiti, madarasa, zahanati na nyumba zetu. Tunapatana bei, tunahesabu tripu, tunakagua ukubwa wa kokoto, kisha tunamaliza. Katika waraka wake wa 1981 juu ya kazi, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Ikiwa ndivyo, basi anayenunua kokoto amenunua pia pumzi iliyotumika kuziponda, na hawezi kusema kwamba haimhusu.

Tunapendekeza basi kwamba kila kamati ya ujenzi, kabla ya kulipa, iulize maswali matatu: Kokoto hizi zinatoka wapi? Je, pale zinapopondwa kuna maji? Je, kuna watoto? Halmashauri zinazotoa zabuni za barabara na madarasa ziyaandike masharti hayo katika mikataba. Na pale ambapo mvunja mawe ni maskini, tusimkimbie kwa kununua kwingine, maana tutamwachia vumbi na njaa pia. Tuongeze kidogo kwenye bei, tumnunulie pipa, tumletee maji kwa lori lile lile linalokuja kuchukua mzigo. Serikali ya kijiji nayo iwapangie wavunja mawe eneo lililo mbali na nyumba na shule.

Jengo tunalolizindua kwa nyimbo na vigelegele halipaswi kuwa limemgharimu mtu mapafu yake, wakati ambapo pipa la maji lingetosha kumpunguzia hatari hiyo.